Mukwe mu Nyumba ya Bageni

Batu banasemaka mi nashukuru kupita kipimo. Mutu akinipa chumvi ya kijiko moja, nitamusemea aksanti mupaka achoke, na kesho nitapita tena kwake kumukumbusha kama alinipa chumvi. Batoto yangu banacheka. Bacheke. Mutu mwenye hajaona bwana yake anatafutwa na mapanga, sawa nyoka yenye iliingia mu nyumba, hawezi kunifundisha namna ya kusema aksanti.

Bwana yangu anaitwa Tshiamala. Baba yake njo alitoka Kasai. Kampuni ilimuleta na train akuje kuchimba shaba, zamani ya Babeleji. Tshiamala yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi, ku Kapata, mu zile nyumba za kampuni zenye zilijipanga mustari, na Kasai aliijua mu hadisi za baba yake tu. Kazi yake ilikuwa kupakala rangi: maofisi, lopitalo, nyumba za bakubwa. Mi niko Muluba wa Katanga, batu yangu banatoka kaskazini. Tulioana mu kanisa, Mama yangu akacheza mupaka kiatu ikatoka ku muguu, na siku ile hakuna mutu aliuliza nani anatoka wapi.

Kisha mambo ikaharibika. Mugodi mukubwa ukaanguka ndani, kazi ikasimama, mushahara ukawa hadisi ya kuambia batoto. Njaa ilipoingia mu manyumba, batu bakaanza kutafuta mutu wa kubebesha kosa. Bakubwa bakasimama ku mikutano bakasema batu ba Kasai barudi kwao. Bakabapa na jina, bilulu, ni kusema badudu. Majirani benye tulikuwa tunaombana nao moto na makala, makaa ya kupikia, bakaanza kuangalia pembeni wakati tunapita. Ku gare ya Kolwezi jamaa nzima zilikuwa zinalala inje na magodoro na masufuria, zinangojea train, na batoto balikuwa banakufa pale pale mu kungojea. Kanku, kaka ya Tshiamala, alienda kule na bibi yake. Hatukubaona tena.

Tshiamala akaniambia naye ataenda, mi nibakie na mutoto juu mi niko wa hapa. Tulikuwa na mutoto moja tu wakati ule, Mbelu, angali ku mugongo. Nikamujibu kama anataka kuniacha, aniache juu ya bibi ingine, ile nitaelewa na nitapigana na huyo bibi. Lakini kuniacha juu ya mikutano ya bapumbavu, hapana. Tukalala na nguo zetu ku mwili, kila mara tunasikiliza inje.

Njo Mungu akatutumia Tata Polycarpe. Alikuwa mukubwa wa pori moja ya kulinda nyama, mbali na muji, kule Lualaba ingali muto mudogo. Mutu mugumu, kichwa yake haina hata nywele moja, na Kifaransa yake alikuwa anaongea hata na miti. Zamani ku pori yake kulikuwa kunafika bageni, bazungu na bakubwa ba kampuni, banakuja kuangalia swala na ndege, na balikuwa banalala mu nyumba tatu zenye zilijengwa juu yao. Sasa bageni balikimbia. Ila mbele ya kukimbia, batu fulani benye kupenda kulinda nyama za pori balimuletea rangi, mabati na nyavu za madirisha, na ile bitu yote ilikuwa inakaa mu depo yake.

Alikuja ku Kapata na kinga, baiskeli yake, kutafuta fundi. Batu bakamucheka mupaka bakashika tumbo. Inchi inaungua, na huyu anataka kupakala nyumba ya bageni rangi. Yeye akabajibu, na Kifaransa kwanza, kisha na Kiswahili, kama nyumba haijui siasa. Ukiiacha, muchwa unaikula, na siku bageni batarudi batalala wapi? Kisha akaingia kwetu, akafunga mulango, akaangalia Tshiamala.

Akasema, "Mi nahitaji fundi. Na weye unahitaji mahali. Njoo na bibi na mutoto, mbele jua haijatoka."

Hakuuliza kabila. Mi nilimupigia magoti. Akakasirika, akasema niamuke, sakafu yangu iko na vumbi.

Basi tukaingia mu pori. Nyumba zile tatu zilikuwa zinatia huruma. Popo walikuwa wamejaa mu dari, muchwa ulipanda ukuta mupaka juu, nyasi za paa zilioza. Tshiamala alizunguka, akagonga ukuta na kidole, akanusa, akakwaruza na kucha, na kwa mara ya kwanza tangu miezi mingi nikamusikia anapiga mluzi. Alitoa nyasi, akaweka mabati. Aliweka nyavu juu ya mbu, na chuma ku madirisha juu ya nyani, maana nyani za kule ni wezi wa kweli, zinaingia zinabeba hata shuka. Alijenga choo mupya. Rangi aliipakala vile kampuni ilimufundisha: chokaa kwanza, inalala, kisha rangi ya udongo mwekundu, inalala, kisha tena. Hakuna mutu wa kumuharakisha. Ukimuuliza, anakwambia rangi yenye haikulala inaanguka na mvua ya kwanza. Tata Polycarpe alitulipa bunga na samaki kavu, na tulikuwa tunakula tunashiba. Nilimushukuru kila siku mupaka akaanza kupita nyuma ya nyumba juu asinikute.

Kisha Mama yangu akafika. Mama Mwadi, na kinga ya muuza makala, kuku mu mikono. Bijana balikuwa banapita kwake ku Kapata kila mara kumuuliza mukwe yake eko wapi. Yeye alichoka kudanganya, akaona afazali afuate binti yake. Nilifurahi mupaka nikalia. Lakini na kuja kwake, kazi ikaharibika.

Juu kwetu Baluba, wa Katanga sawa na wa Kasai, mukwe na mama mukwe habaonane hivi hivi. Bakikutana mu njira, mukwe anaingia mu majani mupaka mama mukwe apite. Habakule pamoja. Habashikane mukono. Na chumba kwenye mama mukwe analala, mukwe hawezi kuweka hata kidole ku mulango. Ni heshima, na Mama yangu mu mambo ya heshima alikuwa mukali kuliko padiri. Sasa fikiria beko mu pori, uwanja moja, kisima moja. Mama akitaka kutoka, anakohoa. Tshiamala akisikia, anashuka ku ngazi, anajificha nyuma ya mabati. Tshiamala akitaka kupita, anagonga ndoo na brosi, Mama anaingia ndani. Siku nzima kikohozi na ndoo, ndoo na kikohozi. Na mi njo nilikuwa simu yao. "Mwambie mama mukwe sombe yake ya majani ya muhogo ilipendeza." "Mwambie mukwe yangu aksanti." Beko mbali hatua chache, kila mutu anamusikia mwenzake, lakini mupaka mi nikimbie kule na huku na mutoto ku mugongo.

Na nyumba yenye Mama alilala ilikuwa ya tatu, yenye haijapakaliwa. Nyumba mbili zilikwisha kung'aa, ile ikabakia muchafu. Tata Polycarpe akaanza kunungunika juu mvua ilikaribia. Mama akakataa kabisa: mukwe hataingia pale kwenye kitanda yake iko. Nikamwambia ahamie ku nyumba ingine, akasema pale njo mukwe anapita kila siku kuangalia rangi. Nikapiga makelele, nikamwambia yeye na bwana yangu bataniua mbele wale ba mapanga habajafika. Mwisho Tata Polycarpe mwenyewe akakuja kuamua. Akasema muchana Mama aende ku muto, kitanda ifunikwe na kikwembe, kitenge mupya, na mukwe aingie na mugongo ku kitanda. Akasema hakuna shida, mupaka-rangi anaangaliaka ukuta tu. Mama akakubali, lakini uso yake ilikuwa mubaya siku mbili.

Ile siku ilikuwa jua kali. Majani yote ku pembeni ya nyumba tulikwisha kuyachoma juu ya kuzuia moto ya pori, bulongo ilikuwa nyeusi na wazi. Hata sungura haiwezi kujificha. Tshiamala alikuwa ndani ya nyumba ya tatu, ku ngazi yake. Mama alikuwa ku muto anafua nguo za Mbelu. Mi nilikuwa natwanga sombe.

Mama njo alibaona wa kwanza. Lori ilisimama kule ku kizuizi cha njira, na bijana bakashuka na mapanga na fimbo. Tata Polycarpe alitoka akabasimamisha. Nilijua kisha vile alifanya: alibasalimia moja moja, akauliza habari ya baba, ya mama, ya shamba, akabapa munkoyo, pombe ya mahindi, banywe, akabaambia historia ya pori tangu Babeleji. Mungu amubariki na ule mudomo yake. Bila ile, hatungekuwa na wakati.

Mama hakukimbia. Mutu mwenye kukimbia anaonekana mbali. Aliweka beseni ya nguo, ingali na maji, ku kichwa, akapanda kutoka ku muto na mwendo ya mutu mwenye kazi. Akapita karibu na mi, akasema pole pole, "Bafika." Nikafikiri ataingia mu jikoni. Akaenda mustari mupaka ku nyumba ya tatu, akasukuma mulango, akaingia kwa mukwe yake, na mulango ikafunga.

Mi nakwambia kweli, kwa kitambo kidogo nilisahau mapanga. Nilikuwa naona ule mulango tu. Mama Mwadi, mwenye kukohoa mupaka koo inamuuma juu ya heshima!

Bakafika. Mukubwa yao nilimujua: Stany, mutoto wa Mama Ngeleka, jirani yetu ku Kapata. Alikula bukari, ugali yangu, mara mingi. Alijifunga kitambaa mwekundu ku kichwa. Alinisalimia vizuri, mama jambo, akauliza Tata Mbelu, ni kusema bwana yangu, eko wapi. Nikamujibu eko ku gare na kaka yake. Mwenzake moja akaokota brosi ku mulango ya nyumba ya pili, ingali na rangi mubichi, akauliza sasa hii ni ya nani. Nikasema ni yangu. Bwana yangu alipakala zile mbili mbele ya kwenda, na hii kazi inabakia mi naimaliza, juu tunakula wapi? Bakacheka. Mwanamuke anapakala rangi? Hasira ikanipanda, ya kweli, si ya mchezo. Nikamunyang'anya brosi, nikapakala ku ukuta pale pale, na nilipakala mubaya sana, rangi inashuka kama uji ku kidevu ya mutoto. Stany akaangalia ule ukuta. Akasema ndiyo, hii Tshiamala hawezi kufanya hata akiwa amelewa.

Lakini bakatafuta. Nyumba ya kwanza, ya pili, depo, choo mupya, jikoni. Bakafika ku ya tatu. Ile nyumba ilikuwa na mulango moja tu, na ku madirisha ile chuma ya nyani. Nilifunga Mbelu muzuri ku mugongo na nikaanza kuomba.

Stany akagonga. Mu nyumba maji yakasikika, kisha sauti ya Mama yangu.

"Nani?"

"Ni batoto yako, Mama. Fungua tuangalie."

"Mi niko naoga. Niko vile Mungu aliniumba. Stany, mutoto wa Ngeleka, najua sauti yako, mi njo nilikushika siku ulizaliwa. Munamutafuta mukwe yangu? Basi sema na nguvu, benzako basikie: munamutafuta mukwe mu chumba kwenye mama mukwe anaoga."

Bijana wale wengi balikuwa batoto ba kwetu, ba kaskazini, balijua. Bakaanza kuangalia chini. Ila moja, yule wa brosi, akasukuma mulango na panga. Mulango ikafunguka kipande, na Stany akaona: mugongo ya Mama yangu, muzee, uchi, yenye kulowana, mu beseni katikati ya nguo za Mbelu. Stany akageuka mara moja, akajifunika macho na mukono, akamuvuta mwenzake na shati mupaka ikapasuka.

Akasema, "Hakuna mukwe mule. Mukwe afazali afe."

Bakaenda. Bakabeba kuku ya Mama na redio ya Tata Polycarpe, lori ikapiga makelele kule mbali, kisha kimya.

Niliingia. Mulango haikufunguka yote, juu ilikuwa inagusa mutu. Tshiamala alikuwa amesimama nyuma ya mulango, mu pembe, uso ku ukuta, kipaji ya uso ndani ya rangi mubichi, macho yamefungwa mupaka yanatetemeka. Ile panga iliposukuma mulango, mbao ilimugusa ku mugongo, na hakupumua. Mama alikuwa angali mu beseni. Hakuniangalia. Alisema tu, "Leta nguo ya kufuta uso." Hakusema nguo ya nani, na mi sikuelewa ni uso ya nani, yangu, yake, ao ya bwana yangu. Sisi batatu tulikuwa tunalia.

Ungefikiri ile jioni tulicheza. Hapana. Mama aliingia mu jikoni, akajifunika na kikwembe mupaka ku kichwa, akakataa kukula. Haya ilimushika. Tshiamala alikaa nyuma ya depo, kipaji yake ingali mwekundu, anasema aliua heshima ya mama mukwe, na mu desturi ile inasafishwa na mbuzi, na yeye hana mbuzi, hana hata kuku. Mi nikaogopa kuliko wakati wa mapanga. Nilimujua Mama. Angeweza kurudi Kapata na miguu, asituone tena mu maisha yake, juu ya haya tu. Na bwana yangu asingeweza kuishi na ile deni ku roho.

Tata Polycarpe akasikia. Hakusema Kifaransa hata neno moja. Alienda kwa balinzi ba pori, akaomba, akarudi na mbuzi jike, mweusi, akaweka kamba mu mukono ya Tshiamala.

Asubuhi Tshiamala akafika mbele ya jikoni. Akasimama mbali, mugongo ku mulango vile inafaa, na kamba mu mukono. Akaniambia, "Mwambie mama mukwe, naleta mbuzi ya kumusafisha."

Nikageuka niende kusema. Mama akanizuia na mukono. Akatoka mwenyewe mu jikoni. Hakukohoa. Akatembea mupaka nyuma yake, karibu, karibu kuliko vile walikaribiana mu miaka yote.

"Rudisha mbuzi ya batu," akamwambia yeye mwenyewe, si mi. "Mbuzi ni ya mukwe. Mutoto wangu ataniletea mbuzi ya nini? Jana nilikuzaa. Mutoto akizaliwa, mama yake eko uchi, na hakuna mutu anamulipisha. Geuka nikuone uso, haujanawa tangu jana."

Tshiamala hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanaruka. Mama akamushika, akamugeuza yeye mwenyewe, akachukua pembe ya kikwembe yake, akaitia mate, akaanza kumutoa rangi ku kipaji, na nguvu, vile banafutaka batoto, na yeye mutu mukubwa wa ndevu akasimama tu amefunga macho. Ile siku bakakula bukari mu sahani moja. Mi nilibaangalia, nikabaongezea sombe.

Tuliishi mu pori mupaka muji ukatulia. Nyumba ya tatu ikamalizwa, rangi ikalala vizuri, mvua ikapita juu yake bila kuiharibu. Bageni balirudi kisha miaka mingi, na batoto ba Tata Polycarpe banasema bageni banapiga picha mbele ya ile nyumba, juu ya rangi yake. Habajui kitu. Si mubaya. Ku ukuta ya nyumba ya pili kungali kipande yangu mi, ile mubaya. Tshiamala alikataa kuirekebisha.

Mama alikufa mu amani, ku Kapata, mu kitanda yake. Bandugu bakatoka kaskazini, na Tata Mukalay, muyomba wangu, kaka ya Mama, njo alikuwa mukubwa wa kilio. Kwetu, ku kilio, batoto banakaa ndani ku mukeka, karibu na mwili, bananyolewa. Bakwe banakaa inje, banapasua kuni, banaleta maji. Tata Mukalay aliingia akakuta Tshiamala ndani, ku mukeka, kichwa yake imenyolewa sawa na ya bakaka yangu, mukono yake ku muguu ya Mama.

Tata Mukalay akasimama. Akaniuliza, na hasira, ni desturi gani hii, mukwe anafanya nini pale?

Nikamujibu, "Tata, mukwe hayuko humu. Yule ni mwana wa mwisho. Mama alimuzaa ku pori, muzee vile alikuwa, na mi nilikuwa ku mulango."

Muyomba akaniangalia. Kisha akamuangalia Tshiamala, mwenye hakuinua hata kichwa. Ile hadisi ilifikaka hata kwao kaskazini. Tata Mukalay akavua viatu, akakaa ku mukeka pembeni yake, akamushika bega, akaanza kulia naye.